Nilimnyoosha mdoli mgongo, lawama akabeba rafiki wa mjukuu wangu

Kwako mshauri wa gazeti,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama u mdogo kwangu, marahaba, na nadhani ni marahaba, maana wakubwa wangu wamebaki wachache na hakuna anayeandika magazetini. Naomba msaada, na ujue kwamba kuomba sikuzoea, mimi ndiye huwa naombwa. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukikuta herufi imelala iinue mwenyewe uendelee, usinicheke, nimeshona nguo miaka arobaini na mbili na hakuna mteja aliyerudisha suruali kwa sababu fundi hakufika darasa la nne.

Naishi na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, nimemlea tangu ana miaka mitano, sasa ni msusi, ana wateja wake na mdomo wake. Ana rafiki yake wa tangu shule, msichana tunayemwita Kimya kwa sababu ukimsalimu asubuhi jibu unalipata mchana, anafanya kazi studio, anapiga watu zile picha ndogo za vitambulisho. Hawa wawili tangu mwaka uanze wanatengeneza sinema kwa ajili ya tamasha la mtaa wetu.

Tamasha lenyewe nikueleze, maana huko ofisini kwenu sijui kama mnatoka nje. Ni la sinema za vitu visivyo na roho. Unachukua mdoli, kijiko, vifungo, chochote, unakipiga picha, unakisogeza kidogo kama upana wa punje ya mchele, unapiga tena, unasogeza, unapiga, mpaka akili ichoke, halafu picha zote zikikimbizwa pamoja kile kitu kinatembea chenyewe. Mara ya kwanza nilisema huu ni upuuzi wa watu wasio na nguo za kufua. Lakini mwaka jana kinyozi wetu alileta brashi mbili zinachumbiana, brashi ya kiume ikapiga magoti, sijui iliyatoa wapi maana brashi haina magoti, ukumbi mzima tukalia kwa kucheka, na mimi niliyekwenda kukosoa nikapiga makofi mpaka bangili ikakatika. Mwenye tamasha ni seremala mstaafu, na ana sharti moja halivunjiki: kila sinema iwe na watu wawili au zaidi, mmoja asogeze, mwingine apige picha, na wote watie sahihi kwenye fomu mbele yake. Anasema, "Sinema ya mtu mmoja kaitazame kwenu. Hapa tunatengeneza mtaa."

Basi mjukuu wangu akatengeneza mdoli, mifupa ya waya, nyama ya sponji, kichwa cha udongo, urefu wake kama chupa ya maji. Ni fundi cherehani, kikongwe, ambaye uzi wake umembiringikia uvunguni na yeye anaufukuza nyumba nzima. Nguo zake nimeshona mimi, gauni la marinda sita, kila rinda upana wa njiti ya kiberiti, lione kwanza ndipo useme. Meza yangu ya kukatia ikageuzwa nyumba ya mdoli, pazia likafungwa kwa pini mwanga usiingie, sakafuni wakabandika vipande vya utepe kuonyesha miguu ya kamera inakaa wapi, kwa sababu kamera ni ya kazini kwa Kimya, anakuja nayo jioni na kuondoka nayo. Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, humu usiguse kitu, hata sindano." Nikamwambia, "Ndani ya nyumba yangu?" Akasema, "Ndani ya nyumba yako, Bibi, nakuomba."

Sasa mimi kila asubuhi mjukuu akishakwenda kazini nikawa naingia kufuta vumbi, maana vumbi halijui sinema, na katika kufuta huenda mkono ulimgusa mdoli kidogo.

Jumapili moja wakaunganisha picha zote za siku kumi na tisa, na ujue siku ikienda vizuri sana kikongwe anapiga hatua sita. Wakazitazama. Nilikuwa naleta chai, nikasimama mlangoni na sinia, nikaona na mimi. Kikongwe anaanza amepinda, anatembea vizuri, ghafla shingo inaruka kama kaumwa na siafu, anatembea, anaruka tena, na kila akiruka mgongo unazidi kunyooka, mpaka anafika kitandani kuutafuta uzi amesimama wima kama askari wa gwaride. Mtu anaingiaje uvunguni amesimama wima?

"Ni kamera," mjukuu wangu akasema. "Kila siku unaiweka mahali tofauti."

"Naiweka kwenye alama," Kimya akasema.

"Alama zipi, za kwenu?"

"Hizo hapo chini. Zitazame."

"Basi nani kafanya hivi, Kimya, jini?"

"Sijui. Ila si mimi."

Kwa Kimya hiyo ni hotuba. Mjukuu wangu akanigeukia. "Bibi, wewe hujaingia humu?"

Nikasema, "Niingie humo kutafuta nini?" Na nikakasirika kweli, nikasonya, mpaka mjukuu wangu akaniomba radhi. Kimya akanitazama. Akakunja miguu ya kamera, akaitia mkobani, akasema, "Ahsante kwa chai, Bibi," na hakuwa ameigusa, akaondoka.

Ni siku ya kumi na mbili leo, hajarudi. Miaka kumi na tano watoto hawa wamevaa viatu vya kuazimana. Mjukuu wangu anajifanya hajali, anasema mpiga picha si yeye peke yake duniani, lakini saa ya Kimya kuja ikifika namwona anatazama mlango halafu anatazama simu halafu ananijibu vibaya. Mdoli amefunikwa kitambaa kama maiti. Fomu zinafungwa baada ya wiki mbili na nusu.

Nimeisoma barua hii tangu juu na nimeona nimekudanganya na wewe. Si vumbi. Vumbi lilikuwepo, lakini si vumbi. Mama wa duka alikuja kuazima mkasi, akachungulia, akamwona mdoli, akapiga kelele, "Ee Fundi! Si wewe huyu! Mpaka nundu!" Nikamwambia, "Nundu anayo ng'ombe." Akacheka kutoka kwangu mpaka dukani kwake, na kila aliyepishana naye akamwambia anachocheka. Mimi nikabaki namtazama yule mdoli. Nikajiona niko ukutani pale ukumbini, ukubwa wa mlango, nimepinda kama ndoana, na walioketi kunitazama ni watu niliowapima mabega mimi mwenyewe, niliokuwa nikiwaambia simama wima nikupime. Kesho yake asubuhi nikamnyoosha. Kidogo tu, kama unavyomnyoosha mteja kola. Keshokutwa kidogo tena. Jioni wao hawakuona kitu, na mimi nikafurahi.

Sasa unijibu. Niseme, au ninyamaze yapite, maana vijana hugombana wakapatana? Kumwomba radhi mtoto niliyemwogesha siwezi, sikufundishwa. Au basi wewe uandike tu kwenye safu yako kwamba malori makubwa yakipita barabarani meza hutikisika na vitu vya waya hujinyoosha vyenyewe. Mjukuu wangu analisoma gazeti lako pale saluni, atakuamini. Jina langu usiliweke.

Ni mimi, Bibi Fundi

*

Shikamoo, Bibi Fundi.

Marahaba yako nimeipokea, ni halali yangu. Sasa naomba ruhusa nikugombeze, kwa sababu naona hapo nyumbani hakuna aliyebaki wa kukugombeza, na imekudhuru.

Malori sitayaandika. Malori hayajafanya kitu, na mtaani kwako tayari kuna mmoja anayebeba kosa lisilo lake. Wa pili wa nini? Halafu mjukuu anayesoma safu hii, unadhani akifika kwenye marinda sita atajiuliza huyu ni bibi wa nani? Ndiyo maana Jumatatu nilipiga ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha, nikakuambia barua inatoka Alhamisi, uwahi kusema. Ukanijibu, "Umekosea namba," kwa sauti ile ile ya barua hii. Haya. Alhamisi ndiyo hii.

Kuhusu mgongo, Bibi, niko upande wako. Hakuna anayependa kujikuta ukutani ukubwa wa mlango bila kuulizwa. Mjukuu wako alipaswa kukuuliza kabla hajakunja ule waya, na una haki ya kumwambia kwamba hukupenda na kwamba umeumia. Lakini hayo husemwa kwa mdomo, yeye akiwa mbele yako. Wewe umeyasema kwa vidole, asubuhi, mwenzako akiwa kazini anasuka vichwa vya watu. Tena hukumuuliza kwa nini alimpinda. Umekubali maana ya mama wa duka, aliyekuja kwa ajili ya mkasi, ukaacha kutafuta maana ya mtoto uliyemlea. Muulize. Mimi jibu lake sinalo, na sitakutungia.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe, kwa sababu mgongo sio. Waya hukunjwa tena kwa dakika moja. Kosa lilitokea pale mlangoni, na sinia mkononi. Uliulizwa swali jepesi mbele ya msichana asiye na hatia, na jibu ulikuwa nalo, ukamwacha atoke nje na lawama yako mkobani pamoja na kamera yake. Na kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona: alikutazama. Alijua, Bibi. Angeweza kunyoosha kidole papo hapo. Hakutaka kumwaibisha bibi wa rafiki yake ndani ya nyumba yake, akashukuru kwa chai aliyoiacha, akabeba. Ulipoandika zilikuwa siku kumi na mbili, na bado anabeba. Mtoto huyo ana adabu kutushinda mimi na wewe.

Unasema kuomba radhi hukufundishwa. Na cherehani, ulizaliwa unaijua? Ulijidunga vidole mpaka ukajua. Ukikosea mshono unafumua. Humwambii mteja avae hivyo hivyo, mtaani watazoea. Na ukimnyamazia mjukuu wako, ukae ukijua unamfundisha nini: kwamba akikosea na yeye, atafute mnyonge wa kumwachia. Leo ni rafiki. Kesho labda ni mfanyakazi wake wa saluni.

Kwa hiyo fanya hivi, na uyafanye leo.

Kama mjukuu wako hajatoka, mwite kabla hajavaa viatu. Kama ametoka, mfuate saluni, na usiogope wateja, wanawake wenye kichwa kilichosukwa nusu hawana pa kukimbilia, watakaa wasikie na hawatakufa. Mwambie: "Mdoli nilimgusa mimi, kwa makusudi, kila siku, na uliponiuliza nilikudanganya." Neno vumbi lisitoke mdomoni mwako. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka mwisho, usisonye, usimkumbushe nani alimwogesha.

Halafu nenda studio. Nenda mwenyewe. Usimtume mjukuu, usimpigie simu, usimwite Kimya aje kwako. Aliyedhulumiwa hufuatwa alipo. Utakuta foleni ya watu wa vitambulisho, nawe upange kama wao, hata kama unamjua mwenye studio tangu akiwa wa kubebwa.

Sinema waachie wenyewe. Wakiamua kupiga zote upya, ni kazi yao. Wakiamua kutoshiriki mwaka huu, usiende kwa seremala kumbembeleza abadilishe sharti lake. Ukiambiwa toka chumbani, toka. Ukiombwa kushona gauni lingine, shona, na hapo tu ndipo mikono yako iruhusiwe kumgusa huyo mdoli. Wakipatana wao wawili na fomu ikabaki tupu, umepona. Fomu ikijaa sahihi mbili, moja ya mjukuu wako na nyingine ya mpiga picha wa kuokota, umepoteza kila kitu, hata ukumbi ukipiga makofi.

Zamu yako ikifika pale studio, Kimya atadhani umekuja kupigwa picha, atakuonyesha kiti. Kaa. Sema ulichofanya, useme na kwamba ulimwona anaondoka ukanyamaza, na usimalizie na neno "lakini." Kisha ufunge mdomo. Najua hilo ndilo litakalokutoa jasho. Hatakujibu upesi, na wa nyuma yako kwenye foleni wataanza kunung'unika. Waache wanung'unike. Usiinuke kwenye kile kiti mpaka aseme.