Jogoo wa Fundi Wekulo Amerudi Jericho

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tukurudishe Bungoma na kukulaza kando ya mama yako. Hapa mtaani Jericho, Nairobi, watu bado wanaita mlangoni, "Hodi, Fundi Wekulo!" kisha wanashika mdomo.

Ulikuwa mtu wa reli. Kazi yako ilikuwa kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu. Hata sufuria za sokoni ulizigonga kwanza, wenye duka wakakununia. Tulikucheka sana, Baba.

Saratani ya tezi dume iliyokupata ilikuwa ile kali. Daktari alikueleza kwamba nyingine hukaa mwilini miaka mingi bila kumsumbua mtu, na kwamba wanachunguza protini za damu ili watambue mapema ipi ni ipi. Akakuomba damu ya utafiti. Mama akaruka: "Damu ya mtu haiachwi kwa wageni!" Wewe ukamuuliza daktari, "Yaani mnaigonga, mnasikiliza ufa?" Akacheka, akasema karibu hivyo. Ukakunja mkono wa shati.

Na jameni, ile siku ya wakwe! Wamekuja kumposa dada yetu Nabalayo, chai imemiminwa, nawe ukasimama ukawaambia wanaume wote wakapimwe tezi dume. Ukataja na shida ya kukojoa. Mbele ya wakwe! Mama alijifunika leso usoni. Mdogo wako Kweyu alikasirika, akakutoza jogoo wa kufuta aibu. Ulimpa, ukamwambia, "Kula, lakini uende." Akala. Hakwenda.

Alikwenda baada ya kukuzika, naye akakutwa nayo. Tuliogopa kuchimba kaburi la pili. Hospitalini wakamtoa kipande kidogo cha nyama ya tezi, wakampiga picha za ndani, wakapima na zile protini. Siku ya majibu Mama alimshika mkono Kweyu, akakataa kuuachia. Daktari akasema dalili zote zinaelekea kwa ile ya polepole. Hatapasuliwa sasa, atafuatiliwa. Hii si ramli, akaonya, ni lazima awe anarudi kupimwa.

Mpaka leo tunashangaa. Kichupa cha damu tu! Vitu ambavyo jicho halivioni vimo humo vinasema, na kuna watu wamejifunza kuvisikiliza. Wee, Mungu ni fundi. Hatujui kama damu yako ndiyo iliyomsaidia Kweyu. Daktari alisema elimu hii imetoka kwa wanaume wengi. Basi nawe ulitoa yako, na Mama siku hizi anawasimulia akina mama wote wa kanisani.

Jumamosi Kweyu alikuja na jogoo mwekundu kwapani. Huyo mtu wa kujifanya mgumu alisimama mbele ya picha yako akalia kwa sauti. "Kaka, chukua jogoo wako. Hukutuaibisha." Jogoo hatukumchinja. Yuko nyuma ya nyumba anawika kila alfajiri, na majirani wameanza kulalamika.

Wanaokukumbuka ni mkeo Nalianya, wanao Triza niliyeandika haya, Nabalayo, na Austine ambaye naye ameshapimwa, mkweo Andati, mjukuu wako Whitney, na mdogo wako Kweyu, ambaye yuko hai.

Hatutakusahau, Baba. Na tukijaribu, jogoo atatuamsha.