Mlio Niliousingizia Mnyororo

Rafiki yangu Bukuru,

Hapa Kasulu mvua zimeanza, na ndizi za Manyovu sasa zinaletwa sokoni na wengine. Pale ukutani ulipozoea kuegesha, siku hizi anakaa mama mmoja muuza karanga. Mimi niko palepale na spana zangu, roho nzito.

Baiskeli yako iko mbele yangu. Mkeo aliileta wiki iliyopita, akaniomba niitengeneze ili mdogo wako arudi nayo barabarani, maana tangu uondoke jiko lenu limepoa. Nimeifungua. Bukuru, haukuwa mnyororo.

Unaikumbuka asubuhi ile. Ulikuja na salamu yetu ya Kiha na mzaha wako, "Mwakeye, mganga wa vyuma, mgonjwa analia." Ukasema inagonga, tak, kila mguu wa kulia unaposhuka. Nikaipindua, tandiko chini, nikazungusha pedali kwa mkono. Kimya. Nikakuambia ni ukavu tu wa mnyororo, nikaupaka mawese, tukacheka, ukaenda zako.

Aibu inanishika. Pingili mbovu ya mnyororo haigongi kila mzunguko wa pedali, inachelewa kurudi. Kinachogonga kila mzunguko kiko kwenye pedali au kwenye mkono wake. Hilo nalijua tangu najifunza kazi. Na baiskeli ya mzigo haisikilizwi ikiwa tupu. Ningekupandisha juu, nishike breki, ukanyage kwa uzito wako wote, ningeuona mkono ukicheza. Kotapini, kile kipini kinachoubana mkono wa pedali, kilikuwa kimelika upande mmoja, kimebaki chembamba kama msumari. Ndicho kilichokatika ukiwa umesimama juu ya pedali, mikungu nyuma, ukaangukia mtaroni na mzigo juu yako.

Siku zako tatu za hospitali nilikuja, nikakaa, sikuuliza kitu. Jana ndiyo nimejua ulichomwambia mkeo pale kitandani. Alikuja kuulizia baiskeli, akakaa kwenye benchi langu, akasema, "Shemeji, laiti angekusikiliza. Aliniambia ulimkataza kuondoka nayo, akakaidi." Nikaokota spana, nikamwacha aamini hivyo. Akanishukuru, Bukuru. Akasema hawezi kumpa fundi mwingine aiguse.

Pumzi zako za mwisho ulizitumia kunisitiri. Nakupenda kwa hilo, na hilohilo limenivunja. Hukukaidi. Ulinisikiliza, ndiyo maana umekufa.

Nimeweka kotapini mpya, pande zote mbili. Nimempandisha mdogo wako na gunia la mchanga nyuma, akaendesha mpaka kilimani na kurudi, nami nikikimbia kando yake nimetega sikio. Haigongi.

Kesho naipeleka nyumbani kwako mimi mwenyewe. Kabla sijamkabidhi mkeo, nitamweleza habari ya mawese na ya kotapini, yote. Huenda akanifukuza. Huenda mji mzima ukajua, nikakosa wa kumtengenezea. Naogopa, sikufichi. Lakini nikinyamaza tena nitakuwa nimekuangusha mara ya pili.

Nisamehe kwa kuuvunja uongo wako, ndugu yangu, wewe uliyeusema kwa huruma. Pumzika. Nakuahidi, watoto wako hawatakua wakiambiwa baba yao aliuawa na ukaidi wake.

Hamisi