Ng'ombe wa Bibi Nyangi

Jumamosi, Tarime. Mvua imenyesha tangu alfajiri na nguo za juzi bado mbichi kwenye kamba, lakini moyo wangu mweupe. Leo baba ameiona filamu yangu.

Nikiri kwanza. Nilipokuwa sekondari niliwadanganya wenzangu kwamba babu yangu, baba yake baba, alikuwa askari akafia vitani. Nilimpa hadi cheo, sajenti.

Hakuwahi kuwepo.

Kwetu Wakurya, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake akaoa mke, na watoto ambao mke huyo atazaa na mwanamume asiyehesabiwa kuwa baba wakawa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi Nyangi, aliyekuwa mjane, alimuoa hivyo Bibi Bhoke, na Bibi Bhoke akamzaa baba.

Filamu ni fupi, ya dakika kumi na moja. Bibi Bhoke anasimulia yote huku anapepeta ulezi, bila haya hata kidogo. Mwenye haya ni baba. Ni mzee wa kanisa, na maisha yangu yote sijamsikia akiigusia habari hiyo. Utotoni walimcheka kuwa ni mtoto wa wanawake. Hilo niliambiwa na Bibi.

Nilijiapiza kwamba baba akiikataa filamu, naifuta yote.

Tulikaa sebuleni watatu, kompyuta juu ya kigoda. Sauti yangu ikafika pale ninaposema, "Baba yangu hakuwa na baba." Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikajua nimekwisha. Bibi Bhoke hakunisaidia, alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kompyuta na kulalamika kwamba nimemfanya mnene.

Baba alitoka amevaa koti lake la kanisani.

"Pale umekosea, Ghati. Aliyetoa ng'ombe ili nizaliwe ni Nyangi. Aliyenipa jina ni Nyangi. Hili boma ni la Nyangi. Sasa unasemaje sikuwa na mtu? Chukua kamera yako."

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Miezi minne nimeibeba hofu hii, kumbe mzee alikuwa na lake la kusema na hakuna aliyewahi kumuuliza. Hata mimi mwanawe.

Alitaka asimame zizini, mbele ya ng'ombe ambao anasema ni uzao wa waliobaki wa Nyangi. Ng'ombe wenyewe hawakuwa na adabu, walilia kila alipofungua mdomo, tukarudia mara tatu. Kwenye vyeti vyake vyote baba ameandikwa kwa jina la marehemu mume wa Nyangi, mtu ambaye hakuwahi kumwona. Mara ya tatu alivuta koti likakaa sawa, mvua inamchuruzika usoni, akaitazama kamera.

"Naitwa Marwa. Marwa wa Nyangi."

Yule sajenti wangu nimemstaafisha leo.