Tuliposimama Katikati ya Zaburi

Jumapili, Changamwe. Mvua ya masika haijakatika tangu alfajiri, na makuti yanavuja juu ya meza, kwa hiyo naandika nikiwa nimekaa kitandani. Moyo umetulia. Nashukuru, na nitaeleza sababu bila kutia chumvi.

Leo nimesoma zaburi moja hadi mwisho nyumbani kwa Mama Katana.

Mwaka jana, vita vilipokwisha, jirani yangu huyu aliarifiwa kwamba mwanawe Katana, aliyepelekwa vitani, hajulikani alipo huko Burma. Hakuambiwa amekufa, wala hakuambiwa yu hai. Ndugu zake wakataka kuweka matanga, akakataa. Maiti iko wapi? Wenzake wa kanisani wakataka kufanya shukrani mapema, kwa imani kwamba atarudi. Akakataa hilo pia.

Mwalimu Yona, katekista wetu, akapanga sala nyumbani mwa Mama Katana kila Alhamisi. Mimi ni mtu wa gazeti na nimezoea kusoma kwa sauti, basi nikapewa kitabu cha zaburi. Mwalimu alichagua mojawapo ya zile nyimbo za kale za Waebrania ambazo mtu huanza akimlalamikia Mungu, maadui wakimcheka, kisha katikati, bila maelezo yoyote, anageuka na kushukuru. Mhariri wangu angeirudisha, aulize ni nini kilichotokea hapo kati.

Nilipofika kwenye mgeuko huo, Mama Katana akaniomba niishie hapo. Mwalimu Yona akamwambia kwa upole kwamba wimbo haujaisha, na hatuwezi kuwaacha watu shimoni.

“Mimi nimo humo, mwalimu,” akasema. “Mkipanda nyote leo, mnaniacha na nani?”



Nikatia kipande cha gazeti pale tulipokomea, nikafunga kitabu. Alhamisi zilizofuata tulikomea papo hapo. Wapo walionung'unika kwamba hiyo si sala, ni kilio, wakaacha kuja. Mama Katana akanitania kuwa sisi watu wa magazeti tunapenda kummalizia mtu hadithi yake kabla mwenyewe hajaifikia. Sikubisha. Ni kweli.

Mwalimu Yona ametufundisha siku zote kwamba anayelia katika nyimbo hizo, nyuma ya mfalme aliyezitunga, ni Kristo. Alhamisi moja akaongeza neno. Kama ni yeye anayelia, alisema, basi yumo katika nusu ya kwanza pia, na Ijumaa ile msalabani alilia asijibiwe. Wokovu ulianza kwa yeye kushuka, kabla ya yeyote kupandishwa.

“Basi yuko mtu humu shimoni,” akasema Mama Katana, akainuka kwenda kuinjika chai.

Nimesikia mahubiri mengi. Hilo nalikumbuka.

Jana akaja askari mmoja wa Rabai, aliyerudi karibuni, akimtafuta mama yake Katana. Mama akaniita nimhoji, maana aliogopa kuamini nusunusu. Nilimwuliza kama ninavyomwuliza shahidi yeyote. Uliona mwenyewe au uliambiwa? Uso uliutambua? Alijibu taratibu, macho chini. Alimzika kwa mikono yake, kando ya mto, akamviringishia blanketi lake mwenyewe. Kisha, bila kuulizwa, akataja kidole cha mguu kilichokatwa na jembe Katana alipokuwa mdogo.

Nikamgeukia mama, nikamwambia ni kweli. Katika miaka yangu yote ya kazi sijathibitisha habari nzito kama ile.

“Amezikwa,” akasema. “Na amezikwa na mtu anayemjua.”

Sasa matanga yatakaliwa, na yatakuwa na siku ya kuanuliwa.

Leo baada ya ibada tulikusanyika kwake, hata wale walioacha kuja. Bi Mwanakombo, jirani yetu Mwislamu, alifika na sufuria la wali, akampa mkono wa tanzia, akamwombea marehemu kwa desturi yao, kisha akaketi barazani. Nikaanza kusoma toka juu. Nilipofika kwenye kipande cha gazeti nikanyamaza kwa mazoea.

“Pita,” akasema Mama Katana. “Leo twende sote.”

Hakulia kwenye malalamiko; hayo alikwisha kuyajua kwa moyo. Alilia kwenye shukrani. Kuelekea mwisho wimbo unawaalika maskini wale washibe, na nilipofunga kitabu Bi Mwanakombo akauliza kutoka barazani kama wali nao una nusu ya pili au uletwe wote. Mama Katana alicheka na machozi yangali usoni.

Katana hajarudi. Naliandika hilo waziwazi, nisije nikasoma ukurasa huu uzeeni nikadhani tulipewa tulichokiomba. Nashukuru kwamba mama hakusukumwa, na kwamba alipopanda hakuwa peke yake.

Kile kipande cha gazeti nimekiacha mahali pake. Mtaa huu una akina mama wengi ambao wana wao hawajarudi. Nani atakayefuata kuniomba nisimame hapo, na je, nitakuwa na subira ya kusimama naye?