Kahawa Niliyoiweka Chini Nizwa

Ibra, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linakwendaje, na ile dawa ya kuchua uliyoletewa imesaidia? Mie mzima, alhamdulillah, ila Ami, hapa kwake ninapokaa, kaninunia tangu juzi, na kabla hajakupigia simu nataka uyasikie kwangu.

Unajua nimo timu ya mpira ya chuo, kipa wa akiba. Zamani vyuo vinne vikubwa ndivyo pekee vilivyoingia kwenye mtoano wa mwisho. Mwaka huu wamepanua, tumekuwa kumi na mbili, na sisi tumo. Tuliimba barabarani kwa furaha. Halafu tukasikia mgao: fedha za televisheni na za wadhamini, nyingi ni za wale wanne wa zamani, washinde wasishinde. Sisi wapya tugawane kilichobaki, na basi la kwendea Sur tukodi wenyewe. Hamed, kapteni wetu, mtu wa Mudhaibi, kasema, "Wametualika harusini tuoshe masufuria."

Mwenyekiti wa mashindano akatuita vyuo vyote kwake Nizwa, tunywe kahawa tukubaliane. Hamed alinichukua nimwendeshe, kwa kuwa gari ni ya Ami. Mie hata salamu naitoa kwa sauti ya ndani, unanijua.

Nakwambia wewe tu, Mama: sikukusudia. Finjani ilikuwa ya moto, vidole vikaniungua, nikaiweka chini kwenye zulia bila ya kuonja. Baraza zima likanigeukia. Huku kwa Waarabu mgeni akiiweka kahawa yake hivyo, maana yake ana haja, na hainywi mpaka mwenye nyumba amtimizie.

"Haya mwanangu," mwenyekiti akasema, "haja yako nini?"

Ningeweza kuinywa, yakaisha. Kiarabu chote kikanikimbia, yakabaki maneno machache. "Mgao uwe sawa kwa wote."

"Wewe unacheza nafasi gani?"

"Sichezi. Nakaa benchi."

Wale wa vyuo vikubwa wakacheka. Mmoja akasema, "Siku hizi hata benchi lina madai." Uso uliniwaka, lakini mkono sikuunyoosha kuichukua finjani. Kisha Hamed akaiweka yake chini. Kapteni wa Sur, wapya kama sisi, akaweka. Wa Al Kamil naye, polepole, kama anaogopa kuivunja. Tukaondoka kahawa imepoa, na mwenyekiti hajasema ndiyo wala siyo.

Ami anasema nimemwaibisha mwenyeji, nikaombe radhi. Siombi. Nilianza kwa bahati mbaya, lakini niliendelea kwa kutaka. Leo mwenyekiti kaleta habari tukutane tena Ijumaa, ila yule kipa wa benchi asije. Hamed kamjibu, "Basi hatuji sote." Ami keshaficha ufunguo wa gari. Tutakwenda na pikapu ya babake Hamed, ile anayopelekea mbuzi sokoni.

Nisalimie Bibi, umwambie siku hizi nasema. Na Dada Zuwena aliyekuwa akinisomesha hesabu, na Mjomba fundi cherehani.

Ami akikupigia, msikilize, ni mkubwa wangu. Lakini usinambie nisiende, Mama. Wewe nitakutii.

Mwanao,
Nasri