Pamba ya Shimba

Jumanne, 8 Julai 1997
Nimemchana Shimba mpaka chai ikapoa. Ubavu wa kushoto umekwisha, wa kulia bado. Alilala chali, miguu juu, hana hata aibu. Mteja mmoja wa saluni yangu alinuna kusubiri nyuma ya mbwa. Anune.

Tangu yule fundi Mzungu amalize kufunga mitambo ya kiwanda kipya cha pamba, akaenda kwao na kutuachia mbwa, leo ndiyo nimemwelewa huyu mnyama. Amevaa nguo mbili. Manyoya ya juu ni marefu na magumu, maji hayapenyi. Ya chini ni mafupi, laini, meupe pe, na kiangazi hiki yanatoka mafungu kwa mafungu. Ukimchana juu juu atapendeza, watu watasifu, kumbe chini yameshikana kama mkeka. Nina wateja wa hivyo, wanachana mbele tu kwa ajili ya kanisani.

Yanayotoka natia kwenye gunia, chumba cha nyuma. Linakaribia kujaa. Siri yangu: nitamshonea Mayu, mama mkwe wangu, mto. Shingo inamuuma tangu tuanze kuvuna.

Jumatano, 9 Julai
Unyoya kwenye mlenda. Mmoja tu, lakini ukaangukia bakuli la mama mkwe.

Mayu hakupandisha sauti. Aliuweka pembeni, akasema, "Kama ni kondoo, tumnyoe. Kama si kondoo, aende." Kinyozi wa sokoni ameshaambiwa aje Jumamosi ya wiki ijayo. Mume wangu Masanja yuko Mwanhuzi, kaenda kuangalia ng'ombe wa baba yake mdogo, kwa hiyo hakuna wa kunitetea. Na angekuwepo asingenitetea. Mbele ya mama yake huwa anakohoa tu.

Simnyoi. Mwezi wa tano nilimkata kiraka mgongoni nitoe kupe. Jua likamuunguza pale, ngozi ikabambuka, na mpaka leo manyoya yameota ovyo. Watu wanadhani anasikia joto kwa sababu ya manyoya. Tia mkono mpaka kwenye ngozi saa saba mchana: baridi. Nimemwambia Mayu ajaribu. Amekataa kumgusa "hilo".

Ijumaa, 11 Julai
Mafundo nyuma ya masikio. Magumu. Nimepaka mafuta, nikafungua kwa vidole, sikuvuta. Moja lilikataa kabisa, nikalipasua kwa mkasi kwa urefu, likaachia. Nagawa mistari kama nataka kusuka, naanzia kwenye ngozi kwenda nje. Kazi ileile ninayofanya kila siku, ila huyu hasengenyi mtu.

Kesho kuoga. Kuchana kwanza, maji baadaye. Fundo likilowa limekaza.

Jumamosi, 12 Julai
Ameoga. Ametulowesha wote. Nimemkausha kivulini kwa kanga mbili kuukuu, halafu akakimbia kuzunguka nyumba kama kafunguliwa jela. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Nina furaha ya kijinga leo.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani wamama walinyamaza nilipofika. Nikadhani gauni limefunguka nyuma. Halikufunguka.

Jumatatu, 14 Julai
Saluni tupu. Yunisi, rafiki yangu, alikuja kwa mlango wa nyuma, akanong'ona. Eti naficha pamba nyuzi ya wizi, ya kiwanda kipya. Eti imeonekana nyumbani kwangu, gunia zima, nyeupe, haina hata mbegu moja.

Pamba ya shambani ina mbegu. Isiyo na mbegu imepita mashineni. Hapa Bariadi hata mtoto anajua, ndiyo maana kila mtu kaamini.

Nimesema ni manyoya ya mbwa. Yunisi mwenyewe akanitazama kwa huruma. Mbwa gani anatoa gunia?

Nani anaingia chumba cha nyuma? Mimi na Mayu. Nina hasira.

Jumatano, 16 Julai
Mzee Ng'wandu wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, amekuja. Ni mdogo wake Mayu, lakini leo hakukaa wala hakunywa maji. Ijumaa nifike kikaoni na gunia. Nikishindwa kujieleza, natengwa. Hakuna kuniamkia, hakuna kunipa hata kaa la moto. Na nani atakuja kusukwa na mtu aliyetengwa?

Nimelia. Shimba kaweka kichwa mapajani. Nimeacha paja lake la nyuma la kulia na mkia bila kuchana. Makusudi.

Alhamisi, 17 Julai
Kinyozi katokea leo, si Jumamosi. Mayu kamwita mapema ili, nadhani, nyumba iwe na ugomvi mmoja badala ya mawili. Nimetoka saluni nikakuta mkasi uko juu na Mayu kashika kamba.

Nilisimama katikati. Nikamwambia, "Mayu, mkimnyoa leo, kesho nitawaonyesha nini?"

Hakuelewa. Nikachukua mkono wake nikauzamisha kwenye paja la Shimba. Akatoka na fungu jeupe kiganjani. Akalivutavuta kwa vidole. Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Akasema ni yeye aliyeliona gunia. Aliogopa, akamwambia mdogo wake, basi. Aliniuliza kwa nini nilificha. Nikasema, "Ulikuwa mto wako."

Kinyozi akaondoka mwenyewe. Hasira yangu sijui imeenda wapi.

Ijumaa, 18 Julai
Nacheka peke yangu kama mwehu.

Watu walijaa. Niliweka gunia chini, nikapiga magoti, nikachana. Chanuo likatoka tupu. Nikachana tena. Tupu. Mtu akaguna. Kwa hofu nilikuwa nimeshika ubavu wa kushoto, ule niliousafisha mwenyewe mpaka ukang'aa. Mayu, aliyeshika kamba, akamgeuza Shimba, akasema kwa sauti ya kikao, "Huku, mwanangu. Kwenye paja."

Nikachana hapo, manyoya yakamwagika. Fungu, fungu, fungu. Upepo ukayachukua. Watoto wakakimbiza. Mzee Ng'wandu alinusa gunia, kisha akamnusa mbwa, akapiga chafya, kikao kikavunjika kwa kicheko. Ila Mayu hakucheka. Alisimama akawaambia maneno yalitoka kinywani mwake, na yeye ndiye anayeyarudisha. Mbele ya wote. Nilitaka kumkumbatia, sikuthubutu.

Jumamosi, 19 Julai
Saluni imejaa. Wote wanataka kumwona mbwa. Yule aliyenuna kamletea mfupa.

Masanja amerudi. Kasimuliwa yote. Kakohoa.

Jumapili, 20 Julai
Jua kali, upepo kidogo. Baada ya kanisa Mayu aliweka mto wake mpya, niliomaliza kuushona jana usiku, kwenye mkeka barazani, akasema anajinyoosha kidogo tu.

Nilipotoka kuangalia, alikuwa amelala, shingo imetulia. Shimba kalala ubavuni kwake. Mkono wa Mayu uko juu ya mgongo wa mbwa, na chanuo langu limejaa manyoya meupe vidoleni mwake.

Nimelitoa polepole. Shimba alifungua jicho moja, akalifumba.

Manyoya nimeyatia kwenye gunia. Masanja naye anataka mto.