Kabla ya Kushika Baiskeli ya Mtu

Ijumaa jioni, Busia. Mvua ya mchana imekatika lakini mabati bado yanadondosha matone, na chumba kinanuka udongo mbichi. Nimechoka, nimekasirika, na nimeikumbuka Malaba mpaka kifua kinauma.

Nianze na hasira, maana ndiyo iko karibu.

Leo chuo chetu kimezindua kikosi cha kunibeba. Sifanyi mzaha. Darasa letu liko ghorofa ya pili, jengo halina lifti, na mimi natumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Muhula mzima nimeomba jambo moja tu: darasa lishuke chini, kwenye kile chumba cha pembeni ambacho kimejazwa viti vibovu. Kamati ya usawa ikakaa, ikanywa chai, ikaja na jibu lake. Wanafunzi wanne wenye nguvu, tisheti za manjano, na mgongoni maandishi makubwa: KIKOSI CHA UPENDO.

Mimi nilitakiwa nibebwe mbele ya kamera, halafu nitoe shukrani.

Hao wanne si watu wabaya. Kiongozi wao, Wafula, tunasoma darasa moja, na maandazi yake hunigawia bila kuombwa. Wamenipandisha hizo ngazi tangu mwaka wa kwanza, kwa jasho na kwa moyo safi. Lakini hakuna siku waliwahi kuniuliza. Uko katikati ya hadithi na mtu, mara unajikuta uko hewani, mmoja amekushika kwapa, mwingine mguu, na juu ya kichwa chako wanabishana mambo ya mpira. Ukifika juu sketi imepanda. Unaivuta, unasema asante, kwa sababu utasema nini?

Hizo asante zimenikaa kooni miaka yote hii.

Nimelelewa Malaba na shangazi yangu, Amoit. Yeye alipatwa na polio, mimi nilizaliwa hivi, na majirani wakaamua tu kwamba ni mambo ya ukoo. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na kazi yake ilikuwa kuvusha mizigo mpakani. Anaenda Uganda na mafuta ya kupika na sabuni, anarudi na trei za mayai. Nilipomaliza sekondari nikapata yangu, tukawa tunavuka pamoja. Tulikuwa wengi, tumejipanga kando ya foleni ya matrela, tukitaniana kwa Kiteso, Kiluhya na kile Kiswahili cha Waganda kinachochekesha. Madereva walituita boss, na hawakuwa wanatania.

Nalia kidogo nikiandika hivi. Si vibaya.

Karibu na daraja kuna kimlima. Baiskeli ikiwa na mzigo, lazima upate mtu wa kukusukuma. Lakini Malaba hakuna mtu anayerukia baiskeli ya mwenzake kutoka nyuma. Anakuja mbele, pale unapomwona. Anasalimia. Halafu anauliza, "Nishike?" Ukisema "Shika," anashika. Ukisema "Wacha," anaacha, hata kama mko katikati ya mlima. Breki iko mkononi mwako na mnyororo uko mbele yako. Ukisukumwa bila kujua, vidole vinaingia kwenye mnyororo na mafuta yanamwagika barabarani.

Kuna turniboi mmoja mgeni, msaidizi wa dereva wa trela kutoka mbali, aliwahi kumhurumia shangazi akamsukuma ghafla. Majerikeni yakabiringika mpaka chini. Shangazi hakumtukana. Alimrudisha chini ya mlima, yeye na majerikeni yake, akamwambia aanze upya na salamu. Foleni nzima ilicheka, na yule kijana pia akacheka.

"Huruma yako ni nzuri," shangazi alimwambia, "lakini breki ni yangu."

Tulimzika mwaka jana.

Sasa leo. Mpiga picha yuko tayari, wageni wamesimama, nami niko chini ya ngazi. Nikasikia mikono inaingia kwapani kutoka nyuma. Nikafunga breki za kiti. Nikasema, "Wacha." Sauti ilitoka kama ya shangazi, hata mimi nilishtuka.

Nikawaambia sipandi. Leo sipandi, na Jumatatu sipandi. Jumatatu ndiyo siku ya kuwasilisha mradi wangu, na nisipouwasilisha mbele ya darasa narudia mwaka. Nilijua hivyo nikisema. Madam mwenyekiti wa kamati akainama sikioni kwangu, kwa upole kabisa, akaniomba nisiwaaibishe mbele ya wageni. Hiyo niliimeza. Kilichonichoma ni Wafula.

"Kwani tumekukosea wapi?"

Aliuliza kwa dhati, machozi yakimlengalenga. Basi nikamweleza habari za kimlima cha Malaba, hapo hapo, maneno yakigongana. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Wageni walielekezwa kwenye soda. Wenzangu wakapanda darasani, nami nikabaki chini nikisikia viti vikiburutwa juu yangu. Watasema nimeacha mbachao kwa msala upitao, na msala wenyewe hata haujaonekana. Niliogopa. Bado naogopa.

Mvua ilipokatika nikaanza safari ya kwenda getini. Nikasikia hatua za mtu zinanifuata. Nikakaza mabega, nikingoja kushikwa.

Hatua zikanipita.

Alikuwa Wafula. Alizunguka akasimama mbele yangu, tisheti ya manjano ameikunja kwapani, suruali imejaa vumbi. Akanisalimia kana kwamba hatukuonana asubuhi. Akaniambia wamembembeleza mlinzi akawafungulia chumba cha pembeni, na wao wanne wameanza kutoa vile viti vibovu. Hakuna aliyewatuma. Mwalimu bado hajakubali kushuka. Kisha akauliza:

"Nishike?"

Sikuwa na mzigo. Njia ya kwenda getini ni tambarare, naipita kila siku peke yangu. Tangu tumzike shangazi sijawahi kuulizwa hivyo na mtu.

Ya Jumatatu siyajui. Mwalimu akishuka, nitawasilisha. Asiposhuka, atanikuta chini ya ngazi na mradi wangu mapajani, na itabidi anipite akinitazama.

Lakini leo, shangazi, nimeulizwa.

Nikafungua breki. "Shika," nikamwambia.